Dizeli ya watu wanane kwa milioni 32

Shemeji yangu alikuwa na milioni 32 benki, watoto wanne, mke ambaye ndiye dada yangu, mama yake mzazi, dada wa kazi, na safari ya Songea kila Desemba. Alikuwa pia na picha ya Prado kwenye simu. "Shem, hii ni dizeli, inakula kidogo. Saba wanakaa, wa nane tunambana. Nishaongea na dalali."

Nilimwomba wiki tatu kabla hajatoa hata senti ya kishika nafasi. Akanipa mbili.

Tulianza na mafuta, maana ndiyo sababu aliyokuwa akiitaja kila tulipokutana. Kwamba dizeli inakula kidogo ni kweli ukilinganisha magari mawili yenye uzito mmoja na umbo moja. Lakini magari makubwa ya dizeli yanayouzwa kwenye yadi zetu si ndugu wa Noah na Voxy. Ni ndugu wa malori. Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ, kwa nilivyoizoea, inakupa kilomita nane hivi kwa lita, tisa ukiwa na mguu mwepesi na barabara tupu. Voxy ya petroli ya lita 2.0 inakwenda kumi. Kwa kilomita 15,000 za mwaka, Prado itakunywa lita 1,875, Voxy 1,500. Bei ya pampu nayo, ile ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, haimpendelei mwenye dizeli siku zote. Kuna miezi dizeli imeipita petroli.

Kama hoja ni mafuta tu ya safari za mjini, Kimara–Posta, basi anunue Voxy tuishie hapo. Nilimwambia hivyo. Akanuna.

Kilichoirudisha dizeli mezani ni mlima Kitonga, ulio kwenye njia ya Songea. Watu wanane, mabegi ya mwezi mzima, na wakati wa kurudi magunia mawili ya mahindi na maharage ya bibi: huo ni mzigo unaokaribia kilo 800. Injini ya petroli ya lita 2.0 ina nguvu ya kuvuta ya Nm karibu 200, tena unaipata yote mizunguko ikifika 4,000, yaani injini ikishaanza kulia. Dizeli ya 2KD ya lita 2.5 inatoa Nm 260 kuanzia mizunguko 1,600. Ukiwa nyuma ya semi-treila inayotambaa kwenye kona za mlima, hapo ndipo tofauti ilipo. Dizeli inastahili pesa yake kwa mzigo na mwendo mrefu. Shemeji alikuwa na vyote viwili, ila sababu yake ilikuwa ya uongo.

Baada ya hapo lilikuja swali ambalo wanunuzi wengi hukutana nalo wakiwa wameshalipa: dizeli ya enzi ipi? Ili kulijibu inabidi tupitie Japani kidogo.

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi akiwa ameshika chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya dizeli, akaitikisa. Vita vikaanza. Sheria ya taifa ya 2001 ikayabana hata magari ya abiria ya dizeli yaliyosajiliwa kwenye miji mikubwa, na Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikayafungia barabara malori na mabasi yasiyokidhi viwango vya masizi. Mjapani wa kawaida akaachana na dizeli. Noah mpya ya mwishoni mwa 2001 ilitoka bila dizeli kabisa. Prado iliendelea mpaka 2007, ikaacha, na dizeli yake ikarudi sokoni Japani Juni 2015 ikiwa na injini mpya ya lita 2.8.

Ndiyo maana dizeli za familia kutoka Japani zinatufikia kwa mazao mawili yenye pengo katikati. Zao la kwanza ni la miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili: chuma kingi, umeme kidogo, umri mkubwa. Zao la pili linaanza na X-Trail ya 2008, Mazda CX-5 ya 2012 na Delica D:5 ya 2013: dizeli safi, zenye chujio la masizi kwenye ekzosi na kompyuta inayolisimamia. Mwenye bajeti ndogo huchagua kati ya gari ambalo hedi yake inaweza kupasuka na gari ambalo chujio lake linaweza kuziba. Wenzetu wa Kenya, ambako gari la zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini, zao la kwanza hawaliagizi tena. Wanalinunua kwa mkono wa pili au wa tatu humo humo ndani. Sisi huku tunaruhusiwa kuagiza kuukuu, ila TRA inaongeza ushuru wa uchakavu, na ukiingiza umri wa gari kwenye kikokotoo chao unaelewa kwa nini tuliamua kununua lililokwisha sajiliwa hapa.

CX-5 tuliitoa mapema. Viti vitano, basi. Ila niseme neno moja juu yake kwa sababu watu wananiuliza. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuchoma, na ili lichome, injini inarusha dizeli ya ziada. Gari likiwa la foleni tupu, safari fupi fupi, uchomaji haukamiliki na dizeli hiyo inashuka kwenye oili. Oili badala ya kupungua inaongezeka. Mazda waliliona hilo: kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa, na ukikuta oili imeifikia X, ni ya kumwaga leo leo. Ukienda kukagua CX-5 ya dizeli, chomoa kijiti kabla hujafungua mlango. Mafuta yetu yameboreka, kwani Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, lakini magari hayo yalizaliwa kwenye nchi ya sehemu 10.

Noah ya zamani yenye injini ya 3C nayo haikutuchukua dakika tano. Umri, na hedi yenye sifa mbaya kuliko zote.

Prado ilitaka heshima zaidi, kwa sababu ilikuwa ndoto ya mtu. Tulikwenda kuiona ile ya kwenye picha. Dalali alikuwa ameshaiwasha, injini ina moto, inanguruma vizuri. Hapo tu nilitaka kugeuza. Dizeli inakaguliwa ikiwa baridi: asubuhi unaweka kiganja juu ya injini kwanza, ndipo unamwambia awashe, unahesabu inachukua sekunde ngapi na unatazama moshi. Mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta hayaungui yote, nozeli au kompresheni. Wa bluu, inakula oili. Dizeli iliyokwisha pata moto huficha mengi.

Kilomita zilisoma 112,000. Nikafungua mlango wa dereva nikainama kwenye fremu, pale ambapo gereji za Japani hubandika kistika cha kubadilisha oili. Kilikuwepo, kimefifia: 171,500, na mwaka 19. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo 19 ni 2007. Gari lililotakiwa kubadilishwa oili kilomita 171,500 mwaka 2007, leo lina 112,000. Sikumlaumu dalali, huenda alilikuta hivyo. Nilimwonyesha shemeji kwa kidole, bila kusema kitu.

Kuna pia taa ya T-BELT, ambayo Toyota za dizeli huiwasha kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa taimingi. Muuzaji akikuambia "haijawaka", kumbuka kuizima ni kazi ya dakika chache, kubadili mkanda ni kazi ya nusu siku. Mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Na hedi ya 1KZ haisamehe kuchemsha: ikichemsha vibaya mara moja, inaweza kupasuka katikati ya valvu. Mshale wa joto wa Toyota nao umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda kiasi; ukiuona umetikisika, umeshachelewa. Mama mkwe wa dada yangu, bibi wa miaka sabini, asimame Kitonga usiku kwa ajili ya picha ya kwenye simu?

"Sasa Shem, unataka ninunue daladala?" aliniuliza tukiwa njiani kurudi.

Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu tangu siku ya kwanza, ila nilitaka alitamke yeye.

Hiace ya umbo la 2004 ni gari lililojificha katikati ya lile pengo. Wajapani waliichukulia kuwa gari la kazi, kwa hiyo haikuacha dizeli familia zilipoiacha: 2KD ya lita 2.5 mwanzoni, kisha 1KD ya lita 3.0. Tabo ipo, umeme upo wa kiasi, spea ziko kila mtaa. Kazi ilikuwa kupata ya viti sahihi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Super GL, ile yenye bampa la rangi na viti vizuri, imetoka kiwandani na viti vitano; nyuma ni nafasi ya mizigo. Ile Wagon ya watu kumi, Japani iliuzwa kwa petroli ya lita 2.7 tu. Wanachofanya mafundi wa mtaani ni kuchomelea benchi kwenye sakafu ya Super GL. Benchi bila mkanda, limeshikwa na weldingi ya Buguruni, na juu yake unaweka watoto. Hapana.

Ipo DX ya watu tisa. Tatu, tatu, tatu, viti vya kiwandani na mikanda yake. Ni sura ya umaskini mtupu: bampa jeusi lisilopakwa rangi, viti vya plastiki vinavyounguza mapaja mchana. Haivutii mtu, na bei yake inashuka kwa hilo. Tuliipata moja yenye usajili wa namba C, mwenye nayo alikuwa akisambazia vifaa vya shule, anaomba milioni 29.

Fundi wangu alikuja saa moja asubuhi. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo alinyanyua kiti cha dereva, akashika chuma: baridi. Iliwaka kwa mzunguko wa pili, moshi mwepesi, ukakata. Akafungua kifuniko cha oili akakiacha kimelala juu ya tundu. Injini iliyochoka inapumua, kifuniko kinaruka. Hiki kilitetemeka tu.

"Haipumui," akasema, na kwa mtu huyu hayo ni maneno mengi.

Akachomeka mashine ya kupima. Kwenye injini hizi kompyuta inarekebisha mafuta ya kila nozeli ili zilingane, na namba hizo zinasomeka: injini ikiwa na moto, imetulia, zisipite tatu kwenda juu wala chini. Tulipata -1.2, 0.6, -1.8 na 2.4. Ile ya nne haifi leo, ila ndiyo itakayotangulia. Shemeji akaiandika.

Kisha nikaomba jambo ambalo lilimkasirisha muuzaji: sampu ishushwe, kwa gharama yetu. Ugonjwa wa ukoo huu wa injini unaanzia kwenye washa ndogo za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, moshi wa kwenye silinda unaingia kwenye oili, masizi yanaganda, yanaziba chujio la waya linalofyonza oili chini ya sampu. Taa ya oili ikiwaka, beringi zimeshakauka. Huwezi kuliona hilo kwa kuendesha wala kwa kusikiliza. Muuzaji alizunguka, akapiga simu mbili, akakubali. Fundi alilala chini nusu saa, akatoka na sampu, akapitisha kidole kwenye chujio, akatuonyesha: mafuta meusi ya kawaida, waya zinaonekana zote. Kwenye kona kulikuwa na punje tatu za masizi kama mbegu za mpapai. Tukaagiza washa mpya.

Tulimaliza kwa milioni 27 na nusu. Zilizobaki, milioni nne na nusu, zilikuwa sehemu ya bei tangu mwanzo: mkanda wa taimingi, washa, rejeta kuzibuliwa, shokapu za nyuma, matairi mawili. Shemeji alitaka redio kubwa yenye kioo. Dada akakataa.

Hasara zake sizifichi. Hakuna boneti mbele. Kati ya magoti ya dereva na kitakachogongwa hakuna kitu cha maana. Sakafu inapata joto safari ndefu. Ngazi ni ndefu kwa bibi, amechongewa kistuli cha mbao. Na ingawa namba zake ni za njano, za gari binafsi, asubuhi pale Kimara watu wanainyooshea mkono.

Desemba walikwenda Songea bila mimi. Dada alinipigia simu wakiwa Ilula, Kitonga imeshapandwa nyuma ya lori la saruji, mshale haujatikisika, wamesimama kununua vitunguu. Katikati ya mazungumzo nikasikia sauti ya mtu nje ya gari akiuliza Iringa mjini shilingi ngapi, na shemeji akianza kujieleza kwamba hii ni gari binafsi. Halafu sauti ya bibi kutoka kiti cha kati: "Mwache apande, mwanangu. Si kiti cha tisa kipo?"