'Fanya mazoezi': Kauli inayowapita watu wa Migori na Homa Bay

Ujumbe wa afya tuliouzoea nchini husema: "Fanya mazoezi uepuke kisukari na shinikizo la damu." Kisarufi hauna kasoro. Kasoro imo katika tafsiri.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unamtaka mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na unahesabu kazi, kutembea na shughuli za nyumbani. Kiswahili chetu cha mabango kimeyabana yote hayo katika neno "mazoezi". Neno hili, japo limetokana na "zoea", kwa msikilizaji wa leo ni uwanja na viatu vya michezo. Vijana husema "kupiga tizi". Mvuvi wa Mbita aliyevuta nyavu usiku kucha, au mkata miwa wa Awendo, akiambiwa afanye mazoezi atauliza: kwani hii ninayofanya ni nini? Ana haki. Naye mwendeshaji bodaboda, anayeketi kutwa na kurudi nyumbani hoi, hudhani uchovu wake ni mazoezi tosha. Neno limemuudhi wa kwanza na kumkosa wa pili.

Kisha kuna ahadi ya "kupunguza uzito". Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta kwamba Homa Bay, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano aliishi na virusi vya Ukimwi. Huko kukonda kuna historia, aliyekonda alinong'onezwa. Ukimwambia mama wa makamo atakonda, umemwahidi au umemtisha?

Sisemi kila kabila lina mwili wake (mtego huo tuuepuke). Lakini kampeni ya tohara ya hiari ya wanaume iliyoanza 2008 ilitufunza jambo. Kwa Wakuria wa Migori tohara ni jando na rika. Kwa Waluo, ambao hawakuwa na desturi hiyo, ilibidi isemwe kama kinga, kando kabisa na mila. Sioni juhudi kama hiyo katika mabango ya mazoezi.

Mimi ningeanza na kitenzi. Kwa karani wa mjini: "Shuka kwa boda mapema, tembea." Kwa mkulima: "Jembe lako linahesabika, endelea." Hili la pili halina tishio, na Mkuria wa Kehancha, Mluo wa Rongo au Msuba wa Mfangano atalipeleka katika lugha yake bila kuhitaji mkalimani.