Albamu Bora ya Queen Si Ile Yenye Wimbo Bora

Wapenzi wa dansi nchini Tanzania wamebishana kwa miongo mingi kuhusu bendi za Msondo na Sikinde, na ubishi huo haujapata mwamuzi. Katika roki nzito upo ubishi wa aina hiyo hiyo, nao unatuhusu kuliko tunavyodhani, maana mhusika wake mkuu alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Alisomea bweni India, akarudi Zanzibar mwaka 1963, na mwaka uliofuata familia yake ikahamia Uingereza. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Ubishi wenyewe ni huu: kati ya Queen II, iliyotoka Machi 1974, na A Night at the Opera, iliyotoka Novemba 1975, ipi ni kazi bora? Wengi hujibu haraka kwamba ni ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyobeba Bohemian Rhapsody. Mimi nashikilia kwamba ni ya kwanza. Albamu ya 1975 ina wimbo bora kuliko wimbo wowote wa ile ya 1974, lakini kama albamu, yaani kama kazi moja iliyojengwa kuanzia sauti ya kwanza hadi ya mwisho, Queen II imeishinda. Ushahidi umo katika namna zilivyotengenezwa.

Tukubaliane kwanza juu ya kipimo. Tukipima kwa mauzo, hakuna cha kujadili: A Night at the Opera ilishika namba moja Uingereza na namba nne Marekani, ilhali Queen II iliishia namba tano Uingereza. Mauzo lakini hupima ukubwa wa soko, na hutegemea pia jina ambalo bendi imeshajijengea. Kipimo ninachokitumia ni kile tunachokitumia kutofautisha utenzi na diwani. Diwani hukusanya mashairi, kila moja likasimama kwa miguu yake, na mshairi husifiwa kwa lile lililo kali kuliko yote. Utenzi hupimwa kwa safari nzima: ubeti unabebaje ubeti unaoufuata, na je, ukichomoa mmoja, jengo litatikisika? A Night at the Opera ni diwani ya hali ya juu. Queen II ni utenzi, na santuri ya roki yenye pande mbili ni chombo kilichoumbiwa utenzi.

Tuingie studio. Albamu ya kwanza ya Queen ilirekodiwa kwa kuvizia saa ambazo studio ya Trident, London, haikuwa na wateja wa kulipa. Kwa albamu ya pili bendi ilipewa muda wake rasmi, na Agosti 1973 ikaingia Trident pamoja na prodyuza Roy Thomas Baker na fundi mitambo Mike Stone. Kifaa chao kikuu kilikuwa mashine ya tepu yenye njia 16. Kila njia hubeba sauti yake: dramu, besi, gitaa, mwimbaji. Njia zikijaa, fundi huchanganya kadhaa na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili, kisha zile zilizobaki wazi hujazwa sauti mpya. Kazi hiyo ina gharama mbili. Kila uhamisho huongeza mvumo wa tepu na kupunguza ung'avu wa sauti. Kubwa zaidi, ukishachanganya huwezi tena kurudi nyuma kurekebisha sauti moja peke yake. Kwa hiyo anayetaka kupandisha sauti juu ya sauti kwenye njia 16 hana budi kuliona jengo zima kichwani kabla hajaweka tofali la kwanza. Sharti hilo ndilo lililoipa Queen II umoja wake.

Sikiliza upande wa kwanza, ambao bendi iliuita Mweupe. Unaanza na Procession, kipande kifupi kisicho na mwimbaji. Brian May amepanga magitaa yake kwa tabaka mpaka yakatoa mlio wa kundi la vinanda na zeze katika mwendo wa maziko. Gitaa hilo yeye na baba yake walianza kulitengeneza kwa mikono nyumbani mwaka 1963, wakitumia pia mbao za meko ya zamani, na May hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kidonoleo cha plastiki. Katika tabaka nyingine sauti ilipitishwa kwenye kikuza sauti kidogo ambacho John Deacon, mpiga besi, alikiunda kutokana na vifaa vilivyotupwa. Kipande hicho hakisimami kujitapa. Kinaingia moja kwa moja katika Father to Son, na msikilizaji anatambua kwamba alichokisikia ni mlango wa nyumba ambayo sasa yumo ndani. Nyimbo nne kati ya tano za upande huo ni za May, na moja ni ya mpiga dramu, Roger Taylor.

Upande wa pili, ulioitwa Mweusi, wote ni mikono ya Mercury: nyimbo sita, mtunzi mmoja, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Ogre Battle unaanza kwa tepu ya mwisho wake ikichezwa kinyumenyume, hivyo wimbo unaanza pale utakapoishia. Unafuata The Fairy Feller's Master-Stroke, uliotokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 19. Mchoro huo umejaa viumbe vidogo hadi kwenye kingo, na Mercury, aliyewahi kusomea usanifu wa picha, alijaza wimbo wake vivyo hivyo: sauti inachomoza kushoto, nyingine inajibu kulia, kinanda cha nyuzi kinakimbia katikati. Kabla msikilizaji hajatulia, vurugu inayeyuka na kuwa Nevermore, wimbo wa piano wenye huzuni usiozidi sana dakika moja. Kisha unakuja The March of the Black Queen, zaidi ya dakika sita zenye vipande vingi vya mwendo na hisia tofauti. Mahali fulani hesabu mbili za mapigo zinakwenda pamoja, moja ikigawanya kwa mbili na nyingine kwa tatu, jambo ambalo sikio lililozoea ngoma za Kiafrika litalitambua bila kuelekezwa. Wimbo huo unamwagikia Funny How Love Is bila kupumua, na Seven Seas of Rhye unafunga. Wimbo huu wa mwisho ulikuwa umedokezwa kwa kipande kifupi kisicho na mwimbaji mwishoni mwa albamu ya kwanza, ya 1973. Hapa umekamilika, na ndio uliowaingiza Queen katika nyimbo kumi bora za Uingereza kwa mara ya kwanza.

A Night at the Opera lazima itendewe haki yake. Ilirekodiwa kati ya Agosti na Novemba 1975 katika studio kadhaa, ikiwemo Rockfield kule Wales, kwa mashine za njia 24. Ubunifu wake unashangaza. Katika Lazing on a Sunday Afternoon, sauti ya Mercury ilitolewa kwenye spika ndogo za masikioni zilizowekwa ndani ya ndoo ya bati, ikarekodiwa tena ili iwe na mlio wa redio ya zamani. Katika Good Company, May aliigiza kwa gitaa tarumbeta na zumari za bendi nzima ya jazi. Katika The Prophet's Song, wenye zaidi ya dakika nane, sauti ya Mercury inarudishwa na mwangwi wa tepu, naye anaimba juu ya mwangwi wake mwenyewe mpaka mtu mmoja anakuwa kwaya. Nayo sehemu ya opera katika Bohemian Rhapsody iliwafanya Mercury, May na Taylor waimbe siku baada ya siku, wakirudia na kupandisha, hadi tepu ikachakaa kwa kupita mara nyingi kwenye mashine. Asiyeheshimu kazi hiyo hana masikio.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni wimbo huo wenyewe. Bohemian Rhapsody ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa kuanzia mwishoni mwa 1975, ukarudi kileleni baada ya Mercury kufariki tarehe 24 Novemba 1991. Vipi albamu yenye kito hicho ishindwe? Jibu langu ni kwamba kito hakiongezi thamani ya vilivyokizunguka. Ukiuondoa wimbo huo, nyimbo 11 zilizobaki zinaendelea kusimama kama zilivyokuwa, kwa sababu hazikuutegemea. Uondoe The March of the Black Queen katika Upande Mweusi, na Funny How Love Is unabaki bila mlango wa kuingilia, huku Seven Seas of Rhye ukikosa dhoruba inayoufanya uwe nafuu. Tena, mbinu zote zilizoujenga wimbo wa 1975, yaani vipande vinavyobadilika ghafla, kwaya ya watu watatu wanaosikika kama umati, piano inayogeuka kuwa gitaa zito, zilikuwa zimekwisha kujaribiwa katika The March of the Black Queen zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla. Karakana ilikuwa Queen II.

Pingamizi la pili linasifu aina nyingi za muziki: kwamba katika A Night at the Opera wote wanne wametunga, na ndani yake mna roki, nyimbo za mapenzi, vichekesho vya ukumbini na wimbo wa safari ya angani uliopigwa kama muziki wa kijijini. Ni kweli, na You're My Best Friend wa Deacon ni zawadi ambayo albamu ya 1974 haina. Ni kweli pia kwamba viungo vya nyimbo vimo: The Prophet's Song unaingia vizuri katika Love of My Life. Lakini aina nyingi ni sifa ya duka pia. Katika kazi ya sanaa, wingi hupata maana pale unapotumikia jambo moja. Tukitoka kwenye hasira ya Death on Two Legs hadi mzaha wa Seaside Rendezvous, tunaonyeshwa uwezo wa bendi. Tukitoka Ogre Battle hadi Nevermore, tunapelekwa mahali.

Pingamizi la tatu ni la haki, nami nalikubali kwa sehemu. Queen II ina udhaifu. The Loser in the End wa Taylor unasimama pembeni ya upande Mweupe kama mgeni asiyejua shughuli ni ya nani, na sauti ya albamu nzima ina ukungu pale tabaka zinapozidi. Ukungu huo ni alama ya njia 16 zilizochanganywa na kuchanganywa tena. Ile ya 1975, yenye njia 24, inang'aa zaidi. Hata hivyo ung'avu ni sifa ya mashine. Waliopewa njia chache wakajenga jengo lenye umoja mkubwa zaidi wamefanya kazi ngumu zaidi, na kazi ngumu iliyofaulu ndiyo tunayoipima.

Kwa nini basi hukumu ya wengi iko upande mwingine? Kwetu nadhani sababu ni mazoea ya kusikiliza. Nyimbo za dansi zilizotujengea sikio zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam bendi ikiwa imekaa chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, kisha zikatufikia hewani wimbo mmoja mmoja. Tukajifunza kupenda wimbo, na kwa msikilizaji wa wimbo mmoja mmoja, A Night at the Opera lazima ishinde. Sababu ya pili ni spika. Kijana anayecheza muziki kwenye simu yenye spika moja anasikia kushoto na kulia vikiwa vimebanwa pamoja. Love of My Life, wenye piano, kinubi na sauti chache, unavumilia hali hiyo. The Fairy Feller's Master-Stroke hauvumilii: sauti zilizopangwa zijibizane kutoka pande mbili zinageuka rundo moja, na msikilizaji anadhani bendi haikujua inachofanya. Amehukumu simu, si albamu.

Hukumu yangu ni hii: anayetafuta wimbo bora wa Queen achukue A Night at the Opera, na anayetafuta albamu bora achukue Queen II. Anayepinga namwomba jambo moja kabla hajajibu. Avae spika za masikioni, zote mbili, acheze Upande Mweusi kuanzia Ogre Battle hadi Seven Seas of Rhye kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo na bila kusimamisha. Ni kama dakika 20 tu. Baada ya hapo aje tubishane.