Wosia Husomwa Polepole

Wako mawakili wanaosifiwa kwa ulimi. Mimi namsifu wa macho: wakili mdogo wa mahakama ya Chansari, yule wa London anayeshinda na wosia, hati za ardhi, vitabu vya kampuni zilizofilisika na, zaidi ya yote, mali ya amana.

Udogo huo si wa umri. Uingereza, wakili wa kusimama mahakamani huitwa mdogo mpaka ateuliwe kuwa Wakili wa Mfalme, na wengi hustaafu na mvi zao bila kuteuliwa. Huanza na uanagenzi wa miezi 12 chini ya wakili mzoefu. Miezi sita ya kwanza haruhusiwi kumsemea mteja. Anasoma majalada yale yale anayosoma mwalimu wake, anaandika maoni yake pembeni, kisha wanalinganisha. Seremala yeyote angeuelewa mpango huo.

Chukua neno moja tu. Mjane amekufa bila mtoto, na wosia wake unasema kilichobaki wagawiwe wapwa zake. Neno la Kiingereza hubeba watoto wa kaka na wa dada. Je, wale wa upande wa marehemu mumewe, waliomwita shangazi miaka yote na kumpeleka hospitali? Kwa kawaida sheria huwaacha nje, isipokuwa wosia wenyewe uonyeshe vingine. Basi mwanagenzi anaurudia tangu kifungu cha kwanza. Huenda huko juu, alipomwachia mmoja wao saa ya mkononi, mjane aliandika “mpwa wangu”. Akilikuta hilo, wale ndugu waliodhaniwa kuwa nje wamepata hoja, na hoja yenyewe ni ile saa.

Charles Dickens aliishambulia Chansari katika Bleak House kwa kesi ndefu zilizomaliza mirathi nzima kwa gharama, na alikuwa na haki. Lakini kuchelewesha kesi na kusoma polepole ni mambo mawili. Anayesoma vizuri mapema huwaepusha ndugu na miaka ya kugombana.

Mahakama hiyo ilizaliwa kwa sababu mahakama nyingine zilishika maandishi: aliyeandikwa ndiye mwenye mali. Aliyedhulumiwa alimwendea Chansela, aliyetazama dhamiri ya huyo aliyeandikwa. Hapo ndipo ilipokua sheria ya insafu. Mwaka 1726 lilifika shauri la Keech na Sandford. Mtoto alirithi haki ya kukodi soko la Romford, ikiwa mikononi mwa mdhamini. Muda ulipokaribia kwisha, mdhamini aliomba mkataba mpya kwa ajili ya mtoto. Mwenye soko akakataa, kwa kuwa mtoto hawezi kubanwa na mkataba. Mdhamini akajichukulia mwenyewe. Hakuiba wala hakudanganya, na bado Chansela, Lord King, aliamuru soko na faida yake virudi kwa mtoto. Aliona mbali: wadhamini wakiruhusiwa kufaidika pale mtoto anapokataliwa, ni wangapi watamwombea kwa moyo?

Sheria za 1873 na 1875 ziliunganisha mahakama hizo, ila idara ya Chansari ipo hata leo, katika jengo la Rolls, mtaa wa Fetter Lane.

Nami niko Dar es Salaam, ambako wakili mmoja humpokea mteja, huandika hati na husimama mbele ya hakimu. Sheria yetu ilizichukua kanuni za insafu kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo soko la Romford limo kabatini mwangu. Waliponijia yatima watatu na bibi yao, ba'mdogo wao alikuwa amekiandikisha kiwanja cha marehemu kwa jina lake, na karatasi zake zote zilikuwa na mihuri. Bibi aliniuliza kama kuna la kufanya. Nilimwomba aniachie jalada mpaka Jumatatu, nikafunga mlango, nikaanza ukurasa wa kwanza.