Mkahawa wa Babette

Mkahawa wa zamani unapokaribia kufungwa, watu waliokula humo tangu ujana wao huja na watoto na wajukuu ili wale mara ya mwisho. Meza ile ile hutafutwa, chakula kile kile huagizwa, na siku zinazofuata huandikwa maneno ya masikitiko. Nimesoma mengi ya namna hiyo. Aghalabu ni maneno ya kweli, lakini karibu yote ni ya walaji. Mpishi hutajwa kama itajwavyo saa ya ukutani, kitu kimojawapo kitakachokosekana. Kwa sababu hiyo nimeirudia hadithi ya Karen Blixen iitwayo Karamu ya Babette, iliyochapwa kwanza mwaka 1950 katika gazeti moja la wanawake la Marekani, kisha ikatiwa kitabuni mwaka 1958. Humo msiba wa mkahawa umewekwa katika moyo wa mpishi.

Babette ni Mfaransa aliyeikimbia Paris baada ya uasi wa Komyuni kuvunjwa mwaka 1871. Mumewe na mwanawe wamepigwa risasi. Anapokewa katika mji mdogo wa Berlevaag, nchi ya Norway, na mabinti wawili wa kasisi marehemu, nao humfundisha kupika samaki mkavu na supu ya mkate! Miaka inapita. Siku moja anashinda faranga 10,000 za bahati nasibu, akaomba ruhusa ya kupika karamu ya Kifaransa katika sikukuu ya kutimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa kasisi. Wafuasi wa kasisi ni kama jamaa wa nyumba moja. Wamezeeka, na wameanza kugombana kwa makosa ya zamani. Kwa kuiogopa anasa wanaahidiana kwamba hapana atakayesema neno lolote juu ya chakula.

Ahadi hiyo huchekesha, na mwandishi amekusudia tucheke. Kasa huletwa kuwa supu, tombo huokwa ndani ya unga uliokandwa, mvinyo mzee humiminwa, na wazee hula kimya kama walao samaki wa kila siku. Mgeni mmoja tu ndiye ajuaye, naye ni Jemadari Loewenhielm. Zamani alialikwa katika Café Anglais ya Paris, akaambiwa kuwa mpishi mkuu wa nyumba ile ni mwanamke. Sasa anautambua mkono ule, anastaajabu, anautaja mvinyo kwa jina na mwaka wake. Jirani yake anamjibu habari za hali ya hewa. Jemadari huondoka bila kujua nani alikuwa jikoni. Kwa maoni yangu hapana mahali pengine katika hadithi hii palipoandikwa vizuri zaidi.

Café Anglais haikubuniwa na Blixen. Ilifunguliwa mwaka 1802 na kufungwa mwaka 1913. Basi msomaji na aitazame miaka hii. Wakati wa karamu ya Berlevaag nyumba ile ilikuwa ingali wazi, na Babette alikuwa na fedha za kumrudisha kwao. Mabibi wanapomwuliza kama atarudi Paris, hasemi neno juu ya nyumba. Husema kwamba watu wale hawapo tena, huwataja kwa majina, na miongoni mwa majina hayo limo la Galliffet, ambaye katika historia ya kweli alikuwa miongoni mwa wakatili wakubwa katika kuwaua watu wa Komyuni. Babette anajua kwamba walikuwa waovu, kwamba waliwaacha maskini wa Paris wafe njaa. Alipigana nao. Walakini walikuwa watu wake, kwa kuwa ndio waliofunzwa kuielewa kazi yake. Kwake yeye mkahawa ulikuwa umekwisha fungwa, ilhali milango yake i wazi.

Yuko msomaji atakayesema kwamba haya ni maneno ya bwana yaliyotiwa katika kinywa cha mtumishi. Shaka hiyo si ya kudharauliwa. Blixen mwenyewe alikuwa mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, Kenya, tangu mwaka 1914 hata 1931, na mpishi wake alikuwa Mkikuyu, jina lake Kamante. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 atueleza kuwa Kamante hakujua kusoma, akaviweka vyakula vyote vya Kizungu kichwani, na michuzi akaiita kwa mambo yaliyotokea siku aliyofundishwa: mmoja wa radi iliyopiga mti, mwingine wa farasi aliyekufa. Yeye mwenyewe hakuvutwa sana na vyakula vile. Shamba lilipouzwa, elimu yote ile ilibaki bila jiko, na aliyekutana naye njiani asingeweza kuitambua. Blixen aliliona hilo na kuliandika. Lakini Babette amepewa nafasi ya kunena juu ya hasara yake, na Kamante katika kitabu kile ametazamwa tu kwa jicho la bibi yake. Kumbukumbu zake mwenyewe, zilizokusanywa na Peter Beard, zilichapwa mwaka 1975. Sidhani kwamba Babette angaliwezekana bila Kamante. Kwa hiyo tofauti hii yaniudhi.

Gabriel Axel aliigeuza hadithi kuwa filamu mwaka 1987, akaihamishia pwani ya Jutland, Denmark. Ni filamu nzuri, nayo hukaa sana jikoni, hata mtazamaji akaona njaa. Hadithi haikai huko. Hutuweka mezani pamoja na wale wasiojua, mpaka wageni wamekwenda zao thelujini. Ndipo mabibi wawili wanapokumbuka kwamba hawakumshukuru mtu, wakaenda jikoni. Wanamkuta Babette ameketi juu ya gogo la kukatia nyama, amezungukwa na masufuria meusi yenye mafuta, na uso wake mweupe kwa uchovu, kama ulivyokuwa usiku ule wa kwanza alipobisha mlango wao.