Mvuvi Aliyeweka Mwanzi Chini

Vitabu vya watu wanaovua samaki kwa starehe vina kasoro moja ya kawaida: mvuvi hujisimulia yeye. Samaki hutokea mwishoni tu, akiwa amekwisha kuchoka, ili apimwe uzito na kupigwa picha. Mwanafunzi wangu wa zamani aishiye Kanada aliponiletea kitabu cha Roderick Haig-Brown kiitwacho Fisherman's Fall, kilichotolewa mwaka 1964, nilitazamia majigambo ya namna hiyo. Yamo kidogo. Lakini yamo na mengine, na kwa ajili ya hayo mengine ninaandika.

Mwandishi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1908 katika ukoo wa walimu. Babu yake alikuwa mkuu wa shule ya Charterhouse. Alihamia Kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada, akawa hakimu katika mji wa Campbell River, akafariki mwaka 1976. Kitabu chake ni cha majira ya vuli, wakati samoni wanaporudi kutoka baharini kwenda kutaga mayai mitoni.

Mmojawapo ni koho. Huanguliwa mtoni, hukaa humo mwaka mmoja au zaidi, kisha huenda baharini kwa muda wa miezi 18 hivi. Hurudi akiwa na kilo kadhaa, aking'aa kama fedha. Hupanda mto, hutaga, hufa. Kabla ya kupanda huzungukazunguka karibu na ufuko na kwenye milango ya mito, angali akila samaki wadogo. Hapo ndipo mvuvi humvizia, akisimama majini au akiwa ndani ya mashua, na kumrushia kile wanachokiita nzi.

Jina hilo linapotosha. Nzi wa mtoni mara nyingi huigiza mdudu. Huyu wa baharini ni nywele za mkia wa kulungu zilizofungwa kwenye ndoana zipate kufanana na dagaa. Chenyewe hakina uzito wa kurushika. Uzito wa mshipi ndio unaokibeba. Kisha mshipi huvutwa kwa mkono, upesi upesi, mfano wa dagaa anayekimbia. Mvuvi asiyejua saa za maji kujaa na kupwa, wala mahali mkondo unapokutana na maji yaliyotulia, wala dagaa walikojikusanya, atarusha kutwa nzima bure. Kwa hiyo sanaa hii, ukiiondolea madoido, ni elimu ya kutazama.

Hapo ndipo Haig-Brown anapowapita wengi. Katika kitabu hiki anaweka mwanzi chini, anavaa nguo za kuzamia, anaingia mtoni na kuwatazama samaki wakiwa kwao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa maoni yangu kurasa hizo ndizo bora kuliko zote, maana humo mvuvi hana cha kujivunia. Ameacha kuwa shujaa, amekuwa mwanafunzi.

Sikubaliani naye katika kuyatukuza mapambano ya mvuvi na samaki. Nimekulia kwa watu wanaovua ili wale. Anayevua ili apambane tu, halafu amwachie, ana deni la kutueleza. Siku hizi, katika sehemu nyingi za pwani ile, sheria humtaka mvuvi amrudishe majini koho wa asili, na kumchukua yule aliyezalishwa na watu, ambaye hukatwa pezi dogo lililo karibu na mkia ili atambulike. Ni sheria njema. Lakini magamba ya koho wa maji chumvi hubanduka kwa urahisi, na aliyeachiwa huweza kufa baadaye mbali na macho ya aliyemwachia. Huruma hiyo isisifiwe kupita kiasi.

Aidha, adui mkubwa wa samaki huenda asiwe na ndoana kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walitangaza sababu ya koho kufa katika vijito vya mijini kabla ya kutaga. Matairi hutiwa kemikali ya kuyazuia yasipasuke. Kemikali hiyo ikikutana na ozoni hewani hugeuka sumu, na mvua huisomba kutoka barabarani hadi mtoni. Dereva aliyeshiriki kumwua samaki huyo hata hakumwona.

Haig-Brown hakuishi kuyajua hayo, ila alijua kwamba adabu ya mvuvi peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1950 alipinga bwawa lililoinua maji ya ziwa Buttle, na bwawa likajengwa. Kwa sababu hiyo ningempa mwalimu kijana kitabu hiki, nimwambie azipite haraka kurasa za mapambano, na akae na zile ambazo mtu mzima amejitumbukiza katika maji baridi ili ajue samaki anaishije. Darasani pia tunapoteza watoto wengi kwa kutazama mwanzi wetu badala ya kutazama maji.