Nasaha Bila Msemaji

Tafuta mtandaoni namna ya kumudu maisha ya chuo, na sekunde hiyohiyo utapewa majibu yanayofanana kama sare za shule. Panga ratiba. Lala masaa manane. Kula vizuri. Jiunge na vikundi, lakini ujue kusema hapana. Hakuna uongo humo. Ila ukizisoma nasaha hizi kama tunavyosoma kazi nyingine yoyote ya maandishi, unaona kasoro yake haraka: hujui nani anasema, wala anamwambia nani.

Nasaha si jambo geni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi mnamo 1858, alianza kwa kumwita akae karibu, aje na wino na karatasi. Anayesema tunamjua: mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Anayeambiwa tunamjua. Na anapofundisha habari za ndoa anaileta ndoa yake mwenyewe kama ushahidi. Wasomaji wa leo wamebishana naye sana juu ya utiifu kwa mume, na wana haki. Lakini wanaweza kubishana naye kwa sababu amejitokeza. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Sasa orodha ya "mambo kumi ya kuzingatia" utabishana nayo vipi? Haina mzazi wala mtoto.

Chukua ile mbinu maarufu ya kusoma dakika 25 na kupumzika tano, inayoitwa Pomodoro. Aliyeianzisha ni Francesco Cirillo, mwanafunzi wa chuo nchini Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, ambaye kusoma kulikuwa kunamshinda. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitumia kujibana. Ni kisa kizuri, cha mtu mmoja na shida yake. Kufika kwetu, yule mwanafunzi na shida yake wameshaondolewa, imebaki amri tu.

Haya, ipeleke amri hiyo Mabibo Hosteli, Dar es Salaam, kwenye chumba ambacho watu wanabebana: wawili kitanda kimoja, na jina lililo kwenye orodha ni la mmoja tu. "Tenga kona tulivu ya kusomea." Kona ipi? "Andaa bajeti ya mwezi." Bumu halijui mwezi. Hesabu yake ni shilingi 10,000 kwa siku, iliyokuwa 8,500 kabla ya mwaka 2022, lakini linaingia kwa mkupuo, na siku linapochelewa tumbo halichelewi. Halafu kuna ile sehemu ya bumu inayotumwa nyumbani, kwa mdogo wako aliye sekondari. Katika orodha zote nilizosoma, sijakutana na kipengele cha mdogo wako.

Matokeo yake, mwanafunzi aliyeshindwa kuzifuata nasaha anajiona mzembe, kumbe aliyeziandika hakuwa akimwambia yeye. Na hili si jambo dogo. Anayejilaumu haendi kuomba msaada. Anakaa kimya mpaka sapu inakuwa keri, na keri inamfikisha kwenye disko.

Nasaha zenye faida zipo, na mara nyingi utazitambua kwa lugha yake. Anayekwambia nunua mchele na mafuta siku bumu linapoingia, kabla hujaangalia kiatu, anaijua njaa ya wiki ya mwisho. Anayekutajia msuli, desa na sapu bila kukutafsiria amekaa mle unamokaa. Mhariri makini angeyafuta maneno hayo. Mimi ningeyaacha, maana ndiyo anwani ya msemaji.

Hata hizo, hata hivyo, zina ugonjwa wake. Nyingi huanza kama nasaha na kuishia kuwa majigambo: nilikesha usiku mmoja tu, nikapiga A. Tunaisikia sauti ya aliyevuka, na kila aliyevuka hudhani daraja ni miguu yake. Aliyedisko hatusikii lolote kutoka kwake, wakati yeye ndiye angetuonyesha palipooza. Katika maandishi yetu yote ya nasaha za chuo, hilo ndilo pengo kubwa ninaloliona, na natamani kuona mtu akilijaza bila aibu.

Kwa hiyo ukikutana na nasaha, muulize mwandishi wake: wewe ulikuwa unalala wapi, nani alikuwa anakulipia, na nini kilikushinda? Asiyekujibu hata moja, chukua ratiba yake ukitaka. Usijipime kwayo.