Grafu Inayosahau Vilele: Kusoma Fani ya RRDtool

Faili la RRDtool, programu ya kuhifadhi na kuchora vipimo vya mitandao na seva, halinenepi. Ukubwa wake hupangwa siku linapoundwa. Tangu hapo, kipimo kipya kikiingia, kikongwe kuliko vyote hutoka. Mtunzi wake, Mswisi Tobi Oetiker, aliitoa programu hii mwaka 1999, baada ya MRTG, programu yake ya awali ya kuchora grafu za mtandao, aliyoibuni akiwa Leicester, Uingereza, kazini mahali palipokuwa na laini moja tu ya kilobiti 64. Ubahili huo wa asili bado umo katika kila faili. Mafundi wa seva huusifu. Mimi nautazama kama mtindo wa kusimulia, na kila mtindo una upendeleo wake.

Mpangilio uliozoeleka, ulioenezwa na Cacti, programu ya grafu inayotumia RRDtool, una tabaka nne. La kwanza hubeba vipimo 600 vya kila dakika 5, yaani saa 50. La pili hubeba thamani 700, kila moja ikiwa wastani wa nusu saa. Hizo ni nusu mwezi. La tatu, 775 za saa mbili mbili. La nne, 797 za siku nzima. Kwa baiti 8 kila moja, miaka miwili na ushei inaenea katika kilobaiti 23 hivi. Kwa ufupisho huo, ninavua kofia.

Lakini tazama kilichokatwa. Chukua laini inayopitisha megabiti 10 kwa sekunde kutwa kucha, isipokuwa dakika 5 za asubuhi inapofika 100. Tabaka la kwanza linasema 100. La pili linasema 25, la tatu 13.75, na la nne 10.3. Mteja aliyekwama asubuhi ile akileta malalamiko baada ya mwezi, ataoneshwa laini shwari. Hesabu zote ni sahihi. Anayepotosha ni mstari wa grafu, unaochora 100 na 10.3 kwa wino uleule kana kwamba vimetoka kwa shahidi mmoja.

Tena shahidi hubadilishwa kimyakimya. Omba data ya siku mbili, utajibiwa na tabaka la dakika 5. Sogeza mwanzo nyuma mwezi mzima, tabaka la saa mbili linashika usemi, hata kuhusu mambo ya jana. Kilele ulichokiona muda si mrefu kimefupika, na grafu haikuambii kwa nini.

Penye ukimya, fani hii ni aminifu zaidi. Kipimo kikikosekana haiandiki sifuri. Huandika kwamba hakijulikani, na grafu huacha pengo. Ila kwa kiwango cha upungufu unaovumiliwa kinachotumika sana, 0.5, hadi nusu ya vipimo vikikosekana wastani bado huandikwa, bila doa lolote la kuonesha upungufu.

Dawa ya vilele imo ndani ya programu yenyewe: tabaka za MAX (kilele) sambamba na za AVERAGE (wastani). Hapo 100 ya asubuhi ile hubaki 100 mpaka katika tabaka la siku, kwa gharama ya kilobaiti nyingine 23. Kwa diski za leo, kuziacha ni uvivu. Basi ukiunda faili, ziweke siku hiyohiyo. Ukiziongeza mwezi ujao, hazitakuwa na habari ya vilele vilivyotangulia.